Jinsi ya kusoma kanisa la kijijini la Zama za Kati: mwongozo kamili, tukianzia Kilpeck

Kanisa la Mtakatifu Maria na Mtakatifu Daudi lililoko Kilpeck, kaunti ya Herefordshire nchini Uingereza, ni dogo. Ukisimama kwenye lango la makaburi unaliona lote kwa mtazamo mmoja: kuta za mawe mekundu ya mchanga, paa la mgongo, kengele juu ya ukuta wa magharibi, basi. Halina mnara. Kuna nyumba chache, malisho ya kondoo, na mpaka wa Wales hauko mbali. Lilijengwa karibu mwaka 1140, na leo hii watu wanavuka bahari kuja kuliona.

Nilipofika hapo mara ya kwanza niliingia ndani moja kwa moja, nikachukua karatasi ya maelezo, nikaisoma tangu mwanzo hadi mwisho, nikaondoka. Niliisoma karatasi, kanisa lenyewe sikulisoma. Safari ya pili nilikuja bila haraka, nikaanza na kuta. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba majengo haya hayakujengwa na mtu mmoja kwa siku moja. Kila kizazi kimetoboa, kimeziba, kimeinua, kimebomoa, na kila aliyegusa ameacha mshono. Kazi yako ni kuitafuta mishono hiyo. Utaratibu ninaoueleza hapa unafaa kwa kanisa lolote la kijijini la Uingereza la kabla ya mwaka 1540. Kilpeck tutalirudia mara kwa mara kwa sababu linaonyesha mambo mengi waziwazi.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Hakikisha kanisa liko wazi. Mengi huachwa wazi mchana, mengine ufunguo hukaa kwa jirani, na nambari ya kupiga hubandikwa mlangoni. Usiende saa ya ibada kama huendi kusali. Haya si majumba ya makumbusho, yana waumini wake.

Chukua darubini ndogo, tochi, daftari na penseli. Darubini ni kwa ajili ya nakshi za juu ya ukuta na mbao za paa. Tochi ina kazi maalumu tutakayoifikia. Dira ya kwenye simu inatosha.

Taasisi ya Historic England ina orodha ya wazi mtandaoni ya majengo yanayolindwa kisheria, kwa madaraja matatu. Kilpeck limo katika daraja la juu kabisa. Tafuta jina la kanisa lako humo ili ujue liko daraja gani, lakini usisome maelezo yote. Soma ukirudi, uyalinganishe na ulichokiona mwenyewe.

Hatua ya 1: Anza na mahali

Kabla ya kugusa lango, geuka utazame kanisa limekaa karibu na nini. Pale Kilpeck, upande wa magharibi kuna kilima cha udongo kilichopandishwa kwa mikono ya watu, na juu yake mabaki ya kuta za ngome. Ni ngome ya mabwana wa Kinormani walioipata ardhi hii baada ya William, mtawala wa Normandi nchini Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066. Kijiji chenyewe kimeandikwa katika daftari kubwa la mali alilolifanya mfalme huyo mwaka 1086. Ukiona kanisa na ngome vimekaribiana hivyo, jua kwamba bwana ndiye aliyelijenga, na kwamba alilihesabu kuwa sehemu ya milki yake. Watu wa eneo lake walilazimika kutoa zaka, fungu moja kati ya kumi la nafaka, wanakondoo, hata mayai, na zaka hiyo ndiyo iliyomlisha kasisi. Mipaka ya eneo hilo la zaka ndiyo iliyokuwa mipaka ya parokia.

Angalia pia umbo la uwanja wa makaburi. Ule wa mviringo mara nyingi huashiria kwamba mahali palikuwa patakatifu tangu zamani sana. Mfano ni Escomb, kaunti ya Durham, ambako kanisa la karne ya 7 limezungukwa na ukuta wa duara. Kisha angalia kimo cha ardhi. Ukiteremka ngazi kuingia kanisani, si kwamba kanisa limezama. Ardhi ya nje imepanda kwa karne nyingi za kuzika watu juu ya watu.

Hatua ya 2: Zunguka nje, halafu zunguka tena

Mzunguko wa kwanza usiandike kitu. Tembea tu, upate umbo. Shika dira: altare iko mashariki, karibu kila mahali. Sehemu ndefu ya magharibi ni ukumbi wa waumini. Sehemu ya mashariki, kwa kawaida nyembamba na fupi, ni altareni, mahali pa kasisi.

Kilpeck lina vyumba vitatu vinavyofuatana kama pingili za muwa, kila kimoja kidogo kuliko kilichotangulia: ukumbi, altareni, na mwisho kabisa chumba cha nusu duara. Nusu duara hiyo ni hazina. Makanisa mengi ya Kinormani yalikuwa nayo, lakini kuanzia karne ya 13 yalibomolewa mwisho wake wa mashariki na kurefushwa kwa ukuta ulionyooka, maana ibada ya misa ilikuwa imeongezewa heshima na ilihitaji nafasi. Kilpeck halikuguswa. Kwa maoni yangu sababu kubwa ni unyonge: ngome ilipopoteza umuhimu na kijiji kikafifia, hapakuwa na mwenye fedha za kubomoa na kujenga upya. Weka jambo hili akilini popote uendapo. Kanisa la kijiji kilichotajirika limebadilishwa mno, na la kijiji kilichofukarika limebaki na sura yake ya kale.

Katika mzunguko wa pili chora ramani ya mkono, hata ikiwa mbaya, na tia alama kila mahali ukuta unapobadilika rangi, ukubwa wa mawe, au mstari.

Hatua ya 3: Soma ukuta kama mwashi

Hapa usiharakishe. Anza na pembe, kwa sababu mwashi huweka mawe yake bora kwenye pembe. Waashi wa Kisaksoni, yaani wa kabla ya 1066, walikuwa na desturi ya kupanga pembe kwa zamu: jiwe refu lililosimamishwa wima, juu yake jiwe la kulala, kisha refu tena. Ukiona mpangilio huo umekamata kanisa la zamani sana. Mnara wa Earls Barton, Northamptonshire, una pembe za namna hiyo na milia ya mawe iliyotokeza ukutani kama fito. Na Kilpeck, zunguka hadi pembe ya kaskazini-mashariki ya ukumbi: kuna kipande cha ukuta wa kale usiofanana na uashi safi wa jirani yake. Ni mabaki ya kanisa lililotangulia hili.

Unene nao unasema. Pima kwenye mlango au dirisha. Ukuta wa Kisaksoni kwa kawaida hauzidi sentimita 75 au 80. Wa Kinormani mara nyingi hufika mita moja au kupita. Ni kipimo cha kukuelekeza tu, usikifanye hukumu.

Kisha tafuta mambo haya matatu.

Mshono wa wima. Waashi wanaojenga ukuta mmoja kwa wakati mmoja hufunganisha mawe, hili juu ya lile. Mstari ulionyooka kutoka chini hadi juu, mawe ya kulia yasishikane na ya kushoto, ni mahali ambapo kazi ya zama moja imeegemezwa kwenye ya zama nyingine. Jiulize: upande upi una pembe kamili? Huo ndio wa kwanza.

Mlango au dirisha lililozibwa. Utaona miimo na tao lake bado vimo ukutani, katikati pamejazwa mawe ya aina nyingine.

Kovu la paa. Kwenye uso wa mnara unaotazama ukumbi mara nyingi kuna mstari wa umbo la V iliyopinduliwa, juu ya paa la sasa. Hapo ndipo paa la zamani lilipogusa mnara, likiwa na mteremko mkali zaidi.

Mawe yenyewe yametoka wapi? Kijiji hujengwa kwa kilicho karibu. Herefordshire ni mawe mekundu ya mchanga. Suffolk hakuna mawe mazuri ya kuchonga, kwa hiyo utakuta gumegume, vipande vyeusi vyenye kung'aa vilivyopangwa ndani ya chokaa. Greensted, Essex, ukumbi ni magogo ya mwaloni yaliyopasuliwa katikati na kusimamishwa, na pete za mbao hizo zimepimwa zikaonyesha miti ilikatwa kati ya miaka ya 1060 na mwanzo wa karne ya 12. Escomb walichukua mawe yaliyokwisha chongwa kutoka ngome ya Kirumi iliyokuwa karibu. Moja lina maandishi LEG VI, jeshi la sita la Roma, na mwashi amelitia ukutani juu chini. Hakulisoma au hakujali.

Hatua ya 4: Madirisha, lakini kwa tahadhari

Mwaka 1817 msanifu Thomas Rickman aliigawa mitindo ya Zama za Kati kwa majina yanayotumika hadi leo. Kwa kifupi, na kwa miaka ya kukadiria:

- Kisaksoni, hadi 1066: vidirisha vidogo, juu tao la duara au pembetatu ya mawe mawili yaliyoegemeana.
- Kinormani, 1066 hadi karibu 1190: tao la nusu duara, nakshi za msumeno kuzunguka milango, nguzo nene.
- Kigothi cha mwanzo, hadi karibu 1290: madirisha marefu membamba yenye ncha, kama mikuki.
- Kigothi cha mapambo, hadi karibu 1350: dirisha pana, na juu yake mawe yaliyochongwa kama majani na miali ya moto.
- Kigothi cha wima, hadi karibu 1540: madirisha makubwa sana yaliyogawanywa kwa fito zilizonyooka hadi juu, tao limebonyea.

Msomaji wa Zanzibar anaweza kujizoeza macho bila kupanda ndege. Kanisa la Mkunazini, lililoanza kujengwa mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, lina matao yenye ncha, kwa sababu Waingereza wa karne ya 19 walikuwa wameirudia Gothi ya Zama za Kati na wakasafiri nayo.

Tahadhari ni hii: dirisha hukueleza umri wa dirisha, halikuelezi umri wa ukuta. Kutoboa ukuta wa mwaka 1100 na kutia dirisha la mwaka 1400 ilikuwa kazi ya kawaida. Angalia mawe yanayozunguka fremu. Yakiwa yamevurugika, yamekatwa na kujazwa, dirisha limeingizwa baadaye.

Hatua ya 5: Mlango wa kusini na vichwa vya chini ya paa

Katika makanisa mengi ya kijijini waumini waliingia upande wa kusini, na huko ndiko mchongaji alikopewa nafasi. Mlango wa Kilpeck unastahili nusu saa yako nzima. Nenda jua likiwa chini, ili kivuli kiinue nakshi.

Anza juu. Kibao cha nusu duara kimechongwa mti wenye matawi yaliyopangika sawasawa na vichala vya matunda, mti wa uzima. Kukizunguka, pete mbili za mawe zimejaa ndege, samaki, majoka na nyuso, kila mmoja ndani ya sehemu yake. Shuka kwenye miimo: majoka yanameza mikia. Kwenye nguzo ya kushoto kuna watu wembamba waliovaa suruali, wamenaswa katika mimea iliyosokotana. Juu ya nguzo ya kulia, uso wa mtu unatoa mizabibu kinywani. Mawe haya ni ya karibu miaka 900 na bado mikunjo ya nguo inahesabika. Sifa iende kwa jiwe gumu walilolichagua na kwa mikono iliyolichonga.

Mikono hiyo haikufanya kazi hapa tu. Nenda Eardisley au Castle Frome, kaunti hiyohiyo, utazame mabirika ya ubatizo. Nenda Brinsop utazame Mtakatifu Joji juu ya farasi. Nyuso ni zilezile za macho ya kutokeza, na nguo zina mistari ileile iliyokaribiana. Wataalamu huwaita waashi hao kundi la Herefordshire. Majina yao hayakuandikwa popote, ila mtindo umetosha kuwatambulisha.

Sasa toa darubini. Chini ya ukingo wa paa, kulizunguka kanisa zima, kuna vichwa vya mawe 85: mbwa na sungura wamekaa bega kwa bega, mpiga zeze, kondoo, dubu, wanyama wasio na jina. Kimoja ni mwanamke anayefunua utupu wake kwa mikono miwili. Wengine wanasema aliwekwa kuonya juu ya zinaa, wengine kwamba ni kinga dhidi ya mabaya. Mimi naona kosa kubwa ni kutafuta maana moja kwa vichwa vyote 85. Mtu aliyechonga mbwa na sungura kwa upole ule alikuwa pia akifurahia kazi yake.

Hatua ya 6: Ingia ndani, simama mgongo ukiwa ukuta wa magharibi

Subiri macho yazoee giza. Kisha tazama tao linalotenganisha ukumbi na altareni. Kilpeck tao hilo limebebwa na watakatifu watatu kila upande, wamesimama mmoja juu ya kichwa cha mwenzake.

Hapa kuna kanuni itakayokufungulia makanisa mengi: kwa desturi ya Uingereza altareni ilitunzwa na mwenye kupokea zaka, na ukumbi ulitunzwa na wanaparokia. Mifuko miwili chini ya paa moja. Kwa hiyo usishangae ukikuta altareni duni ya karne ya 13 imeunganishwa na ukumbi wa fahari wa karne ya 15. Wanakijiji walitajirika, mpokea zaka hakutaka kutoa. Long Melford, Suffolk, wafanyabiashara wa nguo za sufu walilijenga upya kanisa lao mwishoni mwa karne ya 15, na majina ya wafadhili yamo kwenye ukuta wa nje kwa herufi za mawe, yanaomba dua.

Tazama pande mbili za ukumbi. Kama kuna safu za matao na mabawa ya pembeni, jua kwamba watu waliongezeka: ukuta wa nje wa zamani ulitobolewa kuwa matao, na nje yake likajengwa bawa. Nguzo za duara kwa kawaida hutangulia zile za pembe nane. Na kinyume chake hutokea pia. Wharram Percy, Yorkshire, kijiji kilichohamwa na kuchimbuliwa na wanaakiolojia kwa miaka 40 kuanzia 1950, kanisa liliongezewa mabawa watu walipozidi, kisha mabawa yakabomolewa na matao yakazibwa watu walipopungua. Matao yaliyozibwa bado yanaonekana kwenye gofu lake.

Hatua ya 7: Tafuta ibada iliyofutwa

Makanisa haya yalijengwa kwa ajili ya misa ya Kilatini. Kati ya mwaka 1534, Henry VIII alipojitenga na Roma, na utawala wa mwanawe Edward VI (1547–1553), mengi ya misa hiyo yaliondolewa. Lakini mawe hayang'oki kirahisi.

Kwenye ukuta wa kusini wa altareni tafuta kishubaka chenye bakuli na tundu: hapo kasisi aliosha vyombo vya misa, na maji yakaingia ardhini. Ukikuta kishubaka kama hicho mwisho wa bawa la pembeni, palikuwa na altare nyingine hapo. Karibu na tao kubwa tafuta kimlango kilicho juu ukutani, kisichofikika, au ngazi isiyofika popote. Zilipanda kwenye roshani ya mbao iliyobeba msalaba mkubwa; roshani imetoweka, ngazi imebaki. Kwenye birika la ubatizo papasa ukingo kwa macho: mabaki ya vyuma au mawe yaliyovunjika ni mahali pa kufuli. Mwaka 1236 askofu mkuu wa Canterbury aliagiza mabirika yafungwe ili maji yaliyobarikiwa yasiibiwe kwa uganga.

Kuta zilizokuwa nyeupe zilijaa picha, nazo zilipakwa chokaa. Chokaa hiyohiyo ndiyo iliyoziokoa. Chaldon, Surrey, picha kubwa ya karibu mwaka 1200, roho za watu zikipanda ngazi kuelekea mbinguni na nyingine zikianguka motoni, ilifunuliwa chini ya chokaa katika karne ya 19. Usiguse picha kama hizo hata kwa ncha ya kidole.

Sasa tochi. Iweke sambamba na ukuta, mwanga upite ubavuni, na mikwaruzo itainuka: alama za waashi, misalaba, mashua, majina. Kwenye mnara wa Ashwell, Hertfordshire, mtu alikwaruza kwa Kilatini habari za tauni iliyowamaliza watu mwaka 1350, na kwamba waliobaki kushuhudia walikuwa mabaki tu. Wakati huo nusu ya jirani zake huenda walikuwa wamekwisha zikwa nje ya ukuta huohuo.

Hatua ya 8: Ondoa karne ya 19

Karibu kila kanisa lilifanyiwa ukarabati enzi za Malkia Victoria. Vigae vya sakafu vinavyong'aa, mabenchi yanayofanana, mawe yenye ncha kali mno, mbao za paa zilizonyooka bila kasoro: tilia shaka vyote. Kilpeck lilikarabatiwa na msanifu Lewis Cottingham miaka ya 1840, naye kwa bahati alikuwa mwenye heshima kwa kazi ya zamani. Kwingine walikwangua lipu yote ya ndani ili mawe yaonekane, wakatupa picha za ukutani pamoja nayo. Hasira ya uharibifu huo ndiyo iliyomfanya msanii na mwandishi William Morris aanzishe mwaka 1877 jumuiya ya kulinda majengo ya kale, ambayo ipo hadi sasa.

Mawe yaliyo wazi ndani, ambayo wengi hudhani ndiyo sura ya kale, kwa kawaida ni sura ya karne ya 19. Mtu wa mwaka 1300 angeona lipu, chokaa na rangi.

Hatua ya 9: Andika mfuatano

Kaa kwenye benchi kabla ya kuondoka, uandike kwa namba: kwanza nini, kisha nini, na ushahidi wa kila kimoja. "Pembe ya kaskazini-mashariki imetangulia, kwa kuwa ukuta mpya umeiegemea." Sentensi ya namna hiyo ina thamani kuliko picha 50 za simu. Ukifika nyumbani ndipo ufungue orodha ya Historic England, na hifadhi ya nyaraka ya kaunti ukitaka kuendelea; kumbukumbu za ubatizo, ndoa na maziko ziliagizwa kuandikwa tangu mwaka 1538.

Njia hii haifungwi na dini wala nchi. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, Unguja, una maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, kwa hiyo ni rika la Kilpeck, na sehemu kubwa ya kuta zake ni za ujenzi wa karne ya 18. Pembe, mishono, miimo iliyozibwa: macho ni yaleyale.

Tia chochote katika sanduku la michango, kwa sababu matengenezo ya paa hulipwa na waumini wachache wa kijiji. Na ukitoka vuta mlango hadi usikie komeo limeingia. Mbayuwayu wakiingia kanisani hawapati tena njia ya kutoka.